Maji Chini ya Nyumba ya Baba Eliya

Richfield, Minnesota

Baba,

Shikamoo. Nianze na goti lako, maana Mama ameniambia siku hizi unapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta. Ile dawa ya kuchua niliyompa binti wa mchungaji aje nayo, imekufikia? Na mvua za Tukuyu zimewaachia nafasi ya kuanika mahindi? Mimi mwili ni mzima. Theluji imeyeyuka, koti zito nimelitundika, na kazini ninakwenda.

Sikupigi simu kwa sababu ungeniuliza swali moja tu na ningelia kabla sijajibu. Najua Baba Eliya amekwisha kukupigia. Mama amenidokeza kwamba baada ya simu ile hukwenda shambani siku nzima. Sijui alikwambia nini, lakini nataka habari hii uisikie kwangu pia, pamoja na sehemu ambayo yeye haijui.

Unajua ni yeye na Mama Eliya walionipokea nilipofika huku. Mama Eliya alinipa kitanda cha bintiye kwa miezi saba. Hata nilipopata chumba changu hapa Richfield, kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwao Inver Grove Heights, ng'ambo ya mto. Tulikula ndizi alizopika na maharage, kisha Mama Eliya aliwasha kichekesho chake cha televisheni, cha Wajapani, kinachohusu ofisi ya kuuza nyumba. Kuna mwanamke mgeni kazini, mteja akimwuliza jambo anajibu kama lilivyo, na bosi wake anabaki kuinama mpaka kiunoni akiomba radhi. Baba Eliya alicheka hadi akafuta machozi. Alikuwa akisema, "Huyu angeuza nyumba pamoja na wewe, Atupele, mngekufa njaa wote wawili." Zile ndizo saa ambazo sikujiona mgeni katika nchi hii.

Mwezi wa pili mwaka huu akaniambia baridi imewashinda, wanauza nyumba wanahamia Texas kwa Eliya, na anataka niwe dalali wao. Nilifurahi sana. Najua neno dalali hulipendi. Ulisema umesomesha mtoto aje kuuza maneno. Lakini huku ni kazi ya mtihani na leseni, na ukijua kasoro ya nyumba ukaificha, leseni hiyo unanyang'anywa.

Siku ya kupiga picha niliteremka chumba cha chini, kile ambacho nyumba za huku huchimbiwa ardhini. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya nyeupe, na nyuma ya harufu ya rangi kulikuwa na harufu nyingine. Niligusa ukuta kwa mgongo wa kiganja, kama ulivyonifundisha nilipokuwa nakuletea uji kwenye ujenzi. Ulikuwa na maji ndani. Nilimwuliza Baba Eliya, akasema ni ubaridi wa majira tu. Kwenye fomu ambayo mwuzaji hueleza hali ya nyumba, panapoulizwa kama maji yamewahi kuingia, akajaza hapana. Mama Eliya alikuwa kando akikunja mataulo. Hakuinua macho, nami sikuuliza tena.

Wiki hiyohiyo akaja mnunuzi, muuguzi Mkenya aitwaye Wambui, anayefanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Aliipenda nyumba tangu mlangoni. Kwa kuwa wanunuzi walikuwa wengi, alikubali kununua bila kuleta mkaguzi, ili wasimtangulie. Alipofika chumba cha chini akasimama katikati, akapima kwa macho.

"Hapa ndipo nitamweka mamangu akikuja kutoka Nyeri," akaniambia. "Ana pumu. Maji huwa haiingii?"

Baba, nilimjibu, "Haiingii."

Hiyo ndiyo sehemu ambayo Baba Eliya haijui. Anadhani nilikuwa upande mwingine tangu mwanzo. Sikuwa. Nilisema uongo bila kusitasita, tena kwa lafudhi ya Kikenya ili aniamini zaidi.

Siku tatu nilikwenda kazini na kurudi, nikishindwa kula. Nilimwona akilini mama yake Wambui, nisiyemjua, akilala kwenye chumba kile, akivuta pumzi. Siku ya nne, kabla ya mkataba kusainiwa, nilikwenda kwanza kwa Baba Eliya. Nilimwomba arekebishe fomu mwenyewe, nyumba itauzwa tu, pengine kwa bei pungufu. Alinisikiliza akiwa amesimama. Aliniuliza kama nimesahau nani alinitoa uwanja wa ndege. Nikamwambia sijasahau.

"Basi nenda kamwambie," akasema. "Lakini ukitoka hapa, usirudi kama mtoto wa nyumba hii."

Nilitoka, nikampigia Wambui kutoka ndani ya gari. Nilimweleza kila kitu, na jibu langu la uongo pia. Nilidhani atanishukuru. Aliuliza kwa upole tu, "Kwa nini uliniambia haiingii?" Alijitoa, na nasikia amepata nyumba kule Blaine kupitia dalali mwingine. Alifanya vizuri kuniacha.

Tangu hapo kanisani watu wetu wananisalimu kwa kichwa. Wanasema nimemuuza mzee wa watu. Jumapili natoka ibadani, narudi hapa, napasha chakula cha jana. Ndege zinapita juu ya paa zikitua, na hizo ndizo sauti ninazozisikia hadi Jumatatu. Nilijaribu kukiwasha kile kichekesho peke yangu. Yule bosi alipoanza kuinama nikazima.

Nyumba imeuzwa mwisho wa mwezi wa nne, fomu ikiwa imejazwa ukweli, maana Wambui alipokwisha kujua Baba Eliya hakuweza kuficha tena, na mkataba wake nami ulikuwa bado unatufunga. Wameinunua vijana wawili wanaojua ujenzi. Baba Eliya alisaini, akavaa kofia, akatoka bila kuniangalia. Mama Eliya alibaki nyuma, akanishika mkono.

"Mwaka juzi maji yalifika hapa," akasema, akigusa mguu chini ya goti. "Nilichota kwa ndoo siku mbili. Siku ile nakunja mataulo nilitaka kukwambia."

Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Ni mume wangu, Atupele."

Aliubana mkono wangu, kisha honi ikalia nje akaenda. Siku waliyosafiri niliambiwa na watu wengine.

Siandiki ili unitetee kwake. Naomba tu ukimaliza kusoma unipigie wewe, hata kama ni kunigombeza. Nitapokea hata nikiwa na mteja.

Msalimie Mama, mwambie kitenge kimenikaa vizuri. Kaka Ambakisye na mkewe, hongera kwa mtoto. Shangazi Gwantwa, namwombea macho yake. Na ukipita kwa bibi mzaa Baba Eliya, msalimie kwa jina langu kama siku zote. Haya mengine usimwambie. Mwambie mwanawe amefika Texas salama, na kwamba huko hakuna baridi.

Mwanao anayekuwaza,
Atupele