Michoro ya Nyuma ya Mlango

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na mgongo unasemaje? Mimi afya ninayo, ila tangu juzi chakula hakipiti. Sababu nitakueleza, lakini kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Unaikumbuka ile nyumba niliyoipaka rangi Januari, ya yule bibie anayetembea na kitambaa mkononi akifuta vitasa? Alitaka kila kitu cheupe, rangi ya maji isiyong'aa. Nilimwambia, "Mama, una mtoto wa miaka miwili na nusu. Huku chini tupake rangi ya mafuta, inafutika." Akanijibu kwamba rangi ya mafuta ni ya hospitali. Haya. Juzi kaniita.

Dada, nimepaka rangi machinjio. Nimepaka vyoo vya stendi. Lakini ule ukuta wa sebule ulinitoa jasho. Krayoni nyekundu kutoka mlangoni mpaka dirishani, duara juu ya duara. Wino wa kalamu. Rangi ya mdomo ya mama mtu imesagwa yote, mpaka kikopo chake kikakwaruza plasta. Juu ya hayo uji uliokauka ukawa kama gamba. Na juu ya uji, makamasi. Ya kijani, Dada, yamesambazwa kwa ufundi kama mtu anamalizia kazi aliyolipwa. Niliweka kiganja kabla sijaangalia.

Bibie hataki nipake upya. Jumamosi mumewe anarudi safari na wageni wa kazini, na harufu ya rangi inampa kichwa. "Toa, usipake," ndiyo amri. Mimi najua kufunika, sijui kutoa. Wewe umefua mashuka ya hospitali zaidi ya miaka thelathini, hakuna doa ambalo hujasalimiana nalo. Nisaidie.

Kitoto chenyewe ni cha kike. Nimekipa jina Chiriku, maana mdomo haupumziki. Kilinifuata nyuma kikinionyesha: "Hii baba. Hii gari. Hii baba gari." Kikamaliza kwa kupangusa pua kwenye suruali yangu.

Nasubiri jibu upesi.

Mdogo wako,
Fundi

7 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Nimecheka mpaka wenzangu wa kufulia wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Unajifanya una kinyaa! Mimi hapa asubuhi hii nimefungua mfuko wa mashuka ya wodi, sitakuambia nimekuta nini, na saa nne nimekunywa chai.

Sasa sikiliza. Kwanza jaribu nyuma ya kochi, mahali pasipoonekana, rangi ya maji huwa inaondoka na doa lake. Uji na hayo mengine, lowesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uache vilainike. Ukibandua vikavu utabandua na ukuta. Krayoni ni nta, itoe kwa dawa ya meno nyeupe, ile ya kawaida, kwenye kitambaa laini, duara ndogo ndogo. Rangi ya mdomo ni mafuta, sabuni ya vyombo inaitosha. Wino ni spiriti, kidogo sana, kwa pamba, na usisugue, gusa tu na ubadilishe pamba. Anza chini upande juu ili maji yasichirizike yakaacha michirizi. Usikandamize, ukuta utang'aa pale uliposugua na kila mgeni ataona.

Na huyo mtoto mpeni makaratasi. Mtoto akichora ni mzima.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijui niseme nini kuhusu uzima wangu.

Ile dawa ya meno ilifanya kazi. Sebule ilirudi nyeupe, Bibie akanisifia kwa majirani wote, nikapata nyumba mbili mtaa ule ule. Makaratasi nilimwambia. Akasema karatasi zinazaa takataka.

Jana kaniita tena. Nikaingia, kuta safi, sebule, ukumbi, jikoni, hakuna hata alama ya kidole. Nikasema, "Mama, hongera, mtoto kaelewa." Akacheka. "Dawa yake nimeipata," akasema, "njoo uone."

Akanipeleka stoo. Ni kile kichumba cha kando ya jiko, wanamoweka ndoo na pasi mbovu. Mlango una komeo jipya, limefungwa kwa nje. Akalivuta. Harufu ilinipiga usoni nikarudi hatua nzima. Hakuna dirisha. Na nyuma ya mlango, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa mapaja yangu, kumechorwa. Hakuwa na krayoni humo, Dada. Alichora kwa alichokuwa nacho ndani ya nepi. Duara zile zile. Na katikati ya duara, mikwaruzo mirefu, ya kucha.

Nilimwuliza, "Anakaa humu muda gani?"

"Akichafua tu. Mpaka mchana. Siku nyingine mpaka jioni, kama mkaidi." Kisha akaziba pua kwa kitambaa chake. "Unaona alivyo mchafu? Baba yake anarudi keshokutwa. Nisafishie."

Nami nikasafisha. Ndiyo. Nilikwenda kutapika kwenye karo la nje, nikasukutua mdomo, nikarudi nikachanganya sabuni yangu, nikaanza chini nikapanda juu kama ulivyonifundisha. Kazi safi. Usingejua.

Chiriku alikuwa amekaa ukumbini sakafuni, ananitazama. Hakusema neno. Hata moja. Baadaye akainuka, akaokota kitambaa changu cha pili, akaja akapiga magoti pembeni yangu akaanza kufuta.

Nilichukua ujira wangu nikaondoka. Mikono nimeinawa mpaka ngozi inawasha na bado naisikia ile harufu. Sijui kama ni ya stoo au ni yangu mwenyewe.

Nifanye nini?

Mdogo wako

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Barua yangu ya tarehe mbili ulipata, au imepotea? Kama mgongo umezidi, mwambie mwenzio yeyote aniandikie.

Hapa bado napaka nyumba ya jirani yao. Kila nikipanda ngazi naliona jiko lao. Bibie hunipungia mkono. Nami, mwanamume mzima, nampungia.

Sijafanya lolote. Nilisema nitakusubiri wewe.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Barua zako zote mbili nilizipata. Ile ya kwanza niliisoma nimesimama kati ya mashuka machafu, nikaikunja nikaitia mfukoni, nikaifua pamoja na aproni. Usidhani ni bahati mbaya.

Ningekuandikia mapema ungekuwa mtu mwingine.

Mama alipofariki ulikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Mimi nilikuwa na kumi na saba, ndiyo kwanza nimepata kazi hapa, na msimamizi alisema mtoto hakanyagi kufulia. Ulijua siku zote kwamba nilikuachia jirani. Hapakuwa na jirani. Nilikufungia. Kufuli kwa nje, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, pamoja na kikombe cha maji na kiporo. Karibu mwaka mzima.

Ulichora. Ulichukua mkaa kwenye jiko ukachora ukuta wa chokaa wa mwenye nyumba, na mkaa ulipokwisha ukachora kwa kile kile alichochorea huyo mtoto. Nilikuwa nikirudi, mikono imechubuka kwa dawa za kufulia, nafungua mlango, nakuona umekaa katikati ya ule uvundo. Na unajua nilifanya nini kwanza? Sikukubeba. Nilisafisha ukuta, mwenye nyumba asije kuona. Halafu nikakuchapa. Halafu ndiyo nikakuogesha. Kwa mpangilio huo, kila siku. Mambo ya dawa ya meno na kuanza chini kupanda juu sikujifunzia hospitali.

Ulikuwa msemaji, mdogo wangu. Mdomo kutwa. Ukanyamaza mpaka ukakaribia miaka minne. Watu walipouliza niliwaambia ulizaliwa hivyo, na wewe nikakuambia hivyo hivyo.

Nimemchukia huyo mwanamke siku thelathini na kitu, na kila nikimchukia namwona ana uso wangu.

Sasa usinisubiri mimi. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii siku utakayopata barua hii. Sema yote. Sema na kwamba ulifuta.

Dada yako

27 Mei

Dada,

Nilikwenda. Barua ilifika saa tatu, saa nne nilikuwa kwenye benchi la ofisi yao, rangi bado kwenye nywele.

Ofisa wa ustawi ni mama mmoja mnene, mpole. Aliandika kila kitu. Akauliza, "Michoro hiyo ipo?" Nikamwambia niliisafisha mimi, kwa mkono wangu, mwezi mzima uliopita. Akaweka kalamu chini. Akanitazama, Dada, kama mtu aliyekanyaga kitu na hajajua bado ni nini. Akasema, "Mwezi mzima." Kisha akachukua mkoba wake tukaondoka, yeye, mimi na askari mmoja wa kike.

Bibie alitufungulia akitabasamu, akidhani nimemletea wateja. Televisheni ilikuwa inawaka. Ofisa akauliza mtoto yuko wapi. "Amelala." Mimi nikaenda moja kwa moja jikoni, nikavuta komeo.

Alikuwa macho, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nepi ilikuwa imelowa mpaka miguuni. Kuta zilikuwa nyeupe, hakuna hata mstari. Ameacha kuchora. Ofisa alitazama kuta zile, akatazama komeo, akambeba mtoto na uchafu wake wote akamweka begani, kwenye blauzi yake safi. Bibie akapiga kelele, "Atakuchafua!" Hilo ndilo pekee alilolia nalo.

Baba mtu aliitwa kutoka safari. Anasema hakujua, sijui. Mtoto yuko kwa shangazi yake sasa, na kesi itasikilizwa. Mtaa ule nimefukuzwa, wananiita mmbea, nyumba zote mbili wamempa fundi mwingine. Napaka ghala la saruji, peke yangu, rangi ya mafuta.

Sasa yetu. Wewe ulifunga mlango ukaenda kututafutia unga. Yule alifunga mlango akakaa sebuleni. Naijua tofauti. Naweza kuieleza mbele ya hakimu. Lakini tumbo langu haliijui, Dada. Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara kinanijia kile kichefuchefu cha stoo, kwako, na kwa ule mkono wangu uliofuta. Nilikuwa nije kukuona mwezi huu. Sitakuja. Sisemi kamwe. Nasema mwezi huu sitaweza kula chakula ulichopika.

Usinitumie pole. Jibu jambo moja tu. Nilipoanza kusema tena, neno la kwanza lilikuwa lipi?

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Ilikuwa siku ya mapumziko, nafua nguo zetu uani. Mlango niliuacha wazi tangu asubuhi, nilikuwa nimeshatupa kufuli lile. Nikainua macho nikakuona umesimama pale kizingitini, vidole vya miguu umevipanga ndani ya mstari wa kivuli, jua limeishia kwenye kucha.

Ukaniuliza, "Dada, nitoke?"

Dada yako