Treni ya Saa Kumi na Dakika Kumi

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu treni yako ya saa kumi na dakika kumi iondoke na wewe ndani, na sisi bado tumesimama palepale, midomo wazi. Walituambia mwaka ukipita tutazoea. Hatujazoea. Mama bado anamimina chai vikombe viwili, kisha anakitazama cha pili kama kimemjibu vibaya.

Wapo watakaosoma haya ambao hawakukujua, kwa hiyo turuhusu tukutambulishe, ingawa ungesema tunachelewesha abiria. Ulikuwa mtu wa ishara wa reli. Kwa miaka thelathini na mmoja ulikaa kwenye kibanda cha mbao kando ya stesheni, ukivuta vile vyuma virefu vinavyoinua na kushusha mikono ya ishara. Treni haikusogea mpaka uinue simu na kuiambia stesheni ya mbele, "Njia nyeupe," yaani reli iko wazi. Uliyatamka maneno hayo kwa sauti ya mtu anayefungisha ndoa.

Reli ilipofungwa, mafundi walikuja kung'oa vyuma. Ulivua kofia, ukasimama kuwatazama tangu asubuhi hadi walipomaliza kazi, na kesho yake ukarudi ukasimama tena. Siku ya tatu ulikuja nyumbani na saa ya ukutani, taa yenye vioo vyekundu na vya kijani, na daftari moja kubwa ambalo halikuwa limeandikwa kitu. Mama akauliza, "Sasa hivyo vya nini, na treni zenyewe hakuna?" Ukamjibu, "Treni zipo. Zimebadilisha njia tu."

Kumbe ulikuwa na maana yako. Santuri ulizokusanya tangu ujana ulizipanga wima kwenye masanduku ya vifurushi, ndani ya kile chumba kidogo kinachopakana na jiko. Kila sanduku ukaliita behewa, na kila santuri ukaipa saa yake ya kuondoka. Zile za magitaa mazito zilikuwa treni ya mizigo, saa mbili asubuhi. Ile ya tarumbeta ilikuwa treni ya abiria, saa kumi na dakika kumi jioni. Uliishika kwa kingo, ukaipangusa kwa kitambaa ulichokata kwenye koti lako kuukuu la kazi, ukashusha sindano, ukaandika daftarini: Imeondoka. Upande ukiisha uliandika: Imefika. Safu ya tatu ilikuwa ya Sababu ya Kuchelewa, na hiyo ilikaa tupu miaka yote.

Fundi viatu wa kona alifunga kazi kwa tarumbeta zako. "Treni ya mzee imeshapita," alikuwa akimwambia mteja, "njoo kesho."

Hata sisi ulitufanya treni. Mimi kifungua mimba uliniita Injini, kwa sababu nilitangulia na kwa sababu, ulisema, nina kelele. Ndugu yangu wa kati ni Behewa, anayekwenda anakovutwa. Kitinda mimba ni Gadi, maana gadi hukaa mwisho wa treni. Mama ndiye Stesheni Masta, na hapo hapakuwa na ubishi.

Kanuni yako ilikuwa moja: treni ikiwa njiani, hakuna anayeingia kibandani, yaani chumbani mwa santuri. Sakafu ya chumba kile ni ya mbao, na hatua moja tu ya mtu inatosha kuirusha sindano. Gadi alipokuwa na miaka mitano aliingia mbio kukuonyesha jino lililong'oka, sindano ikateleza, ikaacha mkwaruzo uliopo mpaka leo. Hukumpiga. Ulilichukua jino, ukalisifu, kisha ukatangaza ajali na kuifunga njia siku mbili. Siku mbili nyumba nzima bila muziki! Tangu hapo hata paka alingoja nje mpaka ufungue mlango na kusema, "Njia nyeupe."

Lakini msomaji asidhani ulikuwa mtu wa chuma. Ipo barua ya onyo uliyoitunza kuliko vyeti vyako vyote. Uliizuia treni ya abiria dakika mbili kwa sababu mtoto mmoja alidondosha kiatu chini ya behewa, mama yake anahangaika. Ukashuka mwenyewe, ukaingia chini, ukakitoa. Kwenye ripoti hukutafuta uongo wa kujikinga. Uliandika: Sababu ya kuchelewa, kiatu cha mtoto.

Na ile taa, Baba! Ulitutia aibu nayo utoto wetu wote. Mtu akichelewa kurudi kutoka shuleni, dakika kumi tu, tunakuona unakuja na taa mkononi, imewashwa, na jua linawaka. Wenzetu walicheka mpaka wakakaa chini. Siku moja nilikuuliza, "Baba, taa ya nini mchana wote huu?" Ukasema, "Ya kukutafutia." Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nakazana kukuacha nyuma nisionekane nawe.

Sasa tuiseme siku yenyewe, maana kuizunguka hakujatusaidia.

Uliingia chumbani mzima, ukilalamika kwamba chai ni baridi. Tarumbeta zikaanza kwa saa yake. Sisi watoto wako watatu tulikuwa tumekuja kuwasalimu, tumekaa na Mama jikoni, ukuta mmoja tu kati yetu nawe. Saa kumi na nusu upande ukaisha. Tukasikia sindano inakwaruza mwishoni mwa santuri, kwach, kwach, kwach. Tukangoja mlango. Gadi akasema, "Mzee leo kalala." Na mimi, Injini mwenye kelele, nikasema, "Mwacheni, anashusha abiria." Tukacheka. Mama alicheka mpaka akafuta machozi.

Kwa saa nzima na robo tulikaa tukiisikia ile kwach, kwach, tukiteta habari za watu na kumalizia chai. Hakuna aliyegusa mlango, kwa kuwa hukuwa umetoa ruhusa. Kisha umeme ukakatika. Sindano ikanyamaza. Tukangoja kukusikia ukiwatukana watu wa umeme, maana hukuwahi kuwaacha salama hata mara moja. Kimya. Mama ndiye aliyeinuka wa kwanza, na mpaka leo sijui tulifikaje mle ndani.

Ulikuwa kitini, kalamu mkononi. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla. Hakusema saa ngapi, na sisi hatukuthubutu kumwuliza. Tumezika, tumepokea pole, tumerudi makazini, na bado mtu akitugusa begani tunashtuka. Nimelala na kuamka na maneno yale matatu mwaka mzima: mwacheni, anashusha abiria. Mama alikifunga chumba vilevile kilivyokuwa, na hakuna aliyekanyaga tena mle, kana kwamba treni bado iko njiani.

Jumamosi iliyopita akaja Mzee Makaa, yule dereva wa treni, mwenzako wa reli, aliyeanza kazi kwa kutia makaa kwenye tanuru la injini. Ulipozikwa alikuwa kitandani anaumwa, na ndiyo kwanza alikuwa amepata nguvu za kusafiri. Tulimsimulia yote, pamoja na kanuni iliyotuweka jikoni. Akaweka kikombe chini.

"Nani kawafundisha nusu?" akauliza.

"Nusu ya nini, mzee?"

"Ya kanuni. Treni ikiwa njiani hakuna kuingia, sawa. Lakini ikichelewa dakika kumi na habari zake hazipo, mtu wa ishara anachukua taa, anaifuata reli kwa miguu mpaka aione. Iwe jua, iwe mvua. Hiyo ndiyo kanuni nzima, wanangu. Mimi baba yenu alinifuata hivyo hivyo. Mvua imelimega tuta, injini imelalia ubavu, nimekaa juu ya reli nalia kama mtoto. Namwona huyo anakuja na taa yake, kalowa chapachapa. Anafika, anatazama saa, ananiambia, 'Umechelewa.' Halafu akanibeba."

Hatukujua tucheke au tulie. Hukuwahi kutuambia habari hiyo hata siku moja. Behewa alishika kichwa kwa mikono miwili. Gadi akatoka nje. Mimi nilikukasirikia, Baba, nasema kweli mbele ya watu wote wanaosoma. Nusu ile ya pili ungetufundisha, tungekuwa tumeufungua mlango saa kumi na dakika arobaini. Pengine tungekukuta unapumua. Neno moja tu, Baba! Ungekosa nini?

Ndipo nikaikumbuka taa inayowaka mchana kweupe, na jibu ulilonipa. Ulikuwa unatufundisha kila tulipochelewa, nasi tukaona ni aibu. Nusu ya kungoja ulituachia sisi, ya kutafuta ukaibeba mwenyewe. Haikukupitia kichwani kwamba siku moja atakayechelewa ni wewe.

 Mama aliinua macho kuitazama saa yako ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Akasimama, akaitoa taa kwenye msumari, akaiwasha, akaelekea kwenye mlango wa chumba.

"Mama, unakwenda wapi?" Behewa akauliza.

"Kumtafuta baba yenu," akasema. "Amechelewa."

Tukamfuata. Mle ndani vumbi lilikuwa limelala kila mahali, kofia yako kwenye kiti, santuri ya tarumbeta bado iko juu ya gramafoni. Mama aliipangusa kwa kile kitambaa cha koti lako, akaigeuza upande wa pili. Sindano akampa Gadi, yuleyule wa jino, sasa ana ndevu. Aliishusha taratibu hata haikukwaruza. Tarumbeta zikalia. Kupitia dirishani tulimwona fundi viatu amesimama, nyundo imemganda mkononi. Mwaka mzima maskini alikuwa hajui afunge kazi saa ngapi.

Tuliusikiliza upande wote tumesimama, hakuna aliyesogeza mguu. Nililifungua daftari. Mstari wa mwisho ni mwandiko wako, umenyooka kama kawaida: Imeondoka, saa kumi na dakika kumi. Mbele yake hakuna kitu. Sindano ilipofika mwisho, Mama akaiinua kwa mkono wake, kisha akaniambia, "Andika, Injini."

Nikaandika alivyotamka: Imefika. Imechelewa mwaka mmoja kasoro siku nne.

Nikamwuliza niweke nini kwenye safu ya tatu, ya sababu. Akaisogeza taa juu ya safu ile tupu.

"Andika hivi," akasema. "Tulikuwa tunamngoja atoke."

Unakumbukwa na mkeo, Stesheni Masta. Na wanao, Injini, Behewa na Gadi. Na wakwe zako uliowakagua tiketi mlangoni siku ya kwanza walipoletwa. Na wajukuu zako sita, wale uliowaita vifurushi. Na Mzee Makaa, ambaye alipoondoka alishindwa kusema kwaheri akapuliza filimbi. Na fundi viatu wa kona, aliyeomba naye atajwe.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Baba. Mlango wa chumba chako tumeuacha wazi, na taa tumeitundika mahali ambapo kila mtu anaifikia, hata vifurushi. Kuanzia sasa yeyote kati yetu akichelewa dakika kumi, hatungoji. Tunakuja.