Swali la Bomba la Nyalenda

Kisumu

Mdogo wangu Mwakio,

Salamu nyingi zikufikie hapo Wundanyi. Goti la mama limepoa? Na mwanao ameanza kutembea, au bado anatambaa akila udongo? Mimi ni mzima, ila bega la kushoto halinyanyuki, na sitakuficha sababu.

Unajua huku nafundisha historia na serikali. Nilichoka kuona wanafunzi wakikariri kazi za kaunti kama sala, nikawapeleka kidato cha tatu kwenye kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti, ukumbini Nyalenda. Swali letu lilikuwa moja: bomba la maji lililopitishwa kwenye bajeti ya mwaka jana liko wapi?

Darasani kwangu anayesema husimama. Akikwama, jirani yake husimama na kuendelea alipoishia mwenzake. Nilikuwa naringia sheria hiyo.

Akinyi ndiye aliyeanza. Hata hajamaliza, vijana wa mwakilishi wa wadi waliojaza viti vya mbele wakageuka.

"Wewe msichana, keti! Nani amekutuma?"

Hakuketi. Rungu likampata mdomoni. Nilisikia meno, Mwakio. Jirani yake Omondi akasimama, akaendelea na swali. Wakampiga kiti cha chuma kichwani. Akasimama wa tatu. Nilipiga kelele, "Laleni chini!" lakini hakuna aliyenisikia. Nilijitupa juu ya Akinyi, ndipo bega nalo likapata lake. Damu ilikuwa kwenye masweta, sakafuni, hadi kwenye viatu vya polisi waliosimama mlangoni wakitazama. Mheshimiwa wao alitolewa kwa mlango wa nyuma bila kujibu.

Taya la Akinyi limefungwa kwa waya. Omondi bado anatapika. Nina hasira.

Hospitalini nilidhani mama Akinyi, muuza omena, atanirarua. Alinishika mkono tu.

"Mwalimu, huyo kijana alipiga nyathina, mtoto wangu, mimi namjua. Kila asubuhi tunapanga laini ya maji na yeye. Mtungi yake iko nyuma ya yangu."

Sasa nije kwako. Mama ameniambia unazunguka na mheshimiwa wa huko, na fulana umepewa. Usinidanganye kwamba ni kuimba tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii guu litakalovunjika si lako, ni la mtoto wa mtu. Wakikupa rungu, kwanza mtazame usoni aliyesimama. Nakupenda, na nakuogopa.

Nisalimie mkeo, shangazi wa kanisani, na mjomba wa duka la mbao. Mama usimwambie habari ya bega.

Mwezi ujao kuna kikao kingine. Mama Akinyi amesema swali ataliuliza yeye. Mimi nitaketi jirani yake.

Ni mimi dada yako,
Mghoi