Begi la Upande wa Pili wa Kioo

Kihonda, Morogoro
19 Agosti 1997

Dada yangu Asia,

Shikamoo, dada. Naanza na goti lako: limepoa, au bado linakuamsha baridi ikishuka? Na iriki mmeanza kuchuma? Mwanao Halidi aliniambia ngedere wamerudi shambani na kwamba wewe umekataa katakata kuhamia kwake, unasema nyumba ya mama haiachiwi ngedere. Nilicheka kidogo. Mimi huku ni mzima wa kusimama tu. Nakula, duka nafungua saa mbili na kufunga saa kumi na mbili, lakini nimechoka, dada, uchovu ambao kulala hakuupunguzi. Wifi yako na watoto wanakuamkia.

Mwalimu Alois, najua ndiwe utakayeisoma barua hii, maana aliyekuwa akimsomea dada barua ni binti yake Nasra, naye sasa ameolewa, yuko kwa mumewe. Nakusalimu kwa heshima. Nakuomba usome kama ilivyoandikwa. Usiruke, na usipambe.

Dada, Alhamisi iliyopita mwanao Halidi alikaa dukani kwangu saa nzima akigeuzageuza boliti mikononi kabla hajasema kilichomleta. Kumbe mzee Dadi ameitisha kikao cha ukoo Jumapili hii, tarehe 24, na jambo la kuzungumzwa ni moja: mimi kuondolewa katika ujomba wa watoto wako, na nafasi yangu apewe Kondo, mtoto wa mama mdogo. Nikamuuliza mama yako anasemaje. Akaangalia chini, akasema, mjomba, mama anasema asiyefika mlangoni haitwi ndani.

Neno hilo limenikaa. Sina haja ya kukufundisha wewe mjomba ni nani kwetu. Mtoto akiugua anaitwa yeye, mtoto akiolewa anaitwa yeye, akifa anaitwa yeye kabla ya baba. Na mwali wa nyumba ya mama yetu havuki kizingiti mpaka mjomba wake amshike mkono. Najua. Mimi ndiye niliyewatoa dada zake Nasra wawili. Ndiyo maana nataka maelezo yangu yasomwe mbele ya kikao, maana leo ni siku hamsini na mbili tangu harusi ya Nasra, na katika siku hizo nimesemwa na kila mtu isipokuwa wewe, ambaye hunisemeshi kabisa.

Nimesikia kila kitu. Nimesikia kwamba upande wa bwana harusi waliimba uani kuwa mjomba kapanda ndege, ndege haina kituo. Nimesikia kwamba sokoni Tawa wanasema Mwinjuma amenunua dunia akauza ukoo. Mimi! Mimi niliyeshuka mlima huo na mikungu ya ndizi kichwani, nikaanza kuuza nati na boliti juu ya gunia pale Morogoro mwaka ule waliposema ruksa, kila mtu auze anachoweza. Hakuna aliyenipa mtaji wala kibanda. Mashine yenu ya kusaga ilisimama tangu Aprili, wanawake wakarudi kwenye kinu. Nani aliifufua Julai? Nozeli, kile kipande kinachopuliza dizeli, iliyomo kwenye mashine hiyo ilitoka katika begi ninaloelekea kulieleza. Unga mnaoula mkinisengenya umesagwa nayo.

Basi sikilizeni.

Nilikwenda Bombay kununua spea za dizeli, na nilipanga siku zangu kwa harusi. Nitoke Bombay usiku wa Jumanne, nipite Dubai, niingie Dar Jumatano jioni, Alhamisi Morogoro, Ijumaa niwe kwako. Harusi Jumamosi. Nilikuwa na siku nzima ya akiba.

Tiketi zilikuwa mbili. Ya kwanza Bombay mpaka Dubai, ndege ya shirika moja. Ya pili Dubai mpaka Dar, ndege ya shirika jingine. Nilizitafuta na kuziunga mwenyewe, kwa sababu tiketi moja ya safari nzima ilizidi kwa dola tisini. Nikajiona fundi. Mabomba mawili ukiyaunga sawasawa, maji yatapita. Nilitua Dubai saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na ndege ya Dar ilikuwa iondoke saa nane na dakika ishirini mchana. Katikati nina saa saba na dakika arobaini. Nani anashindwa kubadili ndege kwa saa saba na dakika arobaini?

Nisilolijua ni hili. Mwenye tiketi moja, begi lake wanalihamisha wenyewe. Mwenye tiketi mbili, begi lake linatupwa kwenye mkanda unaozunguka, akalichukue, akalipime upya kwa shirika la pili. Na mkanda huo uko ng'ambo ya dawati la uhamiaji, na dawati hilo halipitwi bila viza.

Kijana aliyevaa kanzu nyeupe, mpole tu, aliigeuza pasi yangu kurasa zote thelathini na mbili kama mtu anayetafuta chawa, kisha akauliza viza iko wapi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha dukani kwamba siingii nchini kwake, nataka begi, dakika kumi narudi. Akajibu kwamba dakika kumi ni kuingia na miaka kumi ni kuingia. Nikasema basi nirudi nilikotoka. Akafungua viza ya India, akanionyesha kwa kidole: ya kuingia mara moja, nami nimeshatoka. Mbele sina ruhusa na nyuma sina ruhusa. Nimebaki juu ya vigae vinavyong'aa, miguu imevimba, nikiwa na pasi, kiko cha marehemu baba na biskuti nusu paketi.

Karibu na ngazi kuna kioo kirefu. Ukisimama pale unauona mkanda chini. Begi langu lilikuwa la turubai la kijani, kilo arobaini na sita, nimelifunga kwa kamba ya katani ya hapa hapa Morogoro, huwezi kulikosea. Nililiona likizunguka. Nilihesabu mizunguko kumi na saba, kisha kibarua akalishusha akaliegemeza kwenye nguzo. Ningekuwa na kamba ndefu ningelivuta.

Katika kaunta ya abiria wanaounganisha ndege alikaa mwanamama wa Kiunguja, Bi Mosi, aliyehamia kule na wazazi wake akiwa mdogo. Aliponisikia nikilaani kwa Kiswahili aliinua kichwa akasema, jamani, matusi hayo alikuwa ameyakosa miaka mingi. Akaniletea chai ya maziwa, akachukua karatasi zangu, akaanza kupiga simu huku na huku. Kila ofisi ilimpeleka kwa nyingine. Shirika la kwanza lilisema kazi yao imeishia Dubai. La pili likasema begi ambalo halijapimwa kwao si lao.

Saa saba na nusu mchana, kwa saa ya kule, nilimpigia Stephano, jirani yangu wa duka la dawa mwenye simu, nikamwambia ampandishe mtu Tawa mara moja akaseme Mwinjuma amezuiwa uwanja wa ndege, hawampi viza, na hawezi kupanda ndege. Namshukuru Stephano, mtu wake alifika kwenu Ijumaa. Ndege nyingine ya Dar ilikuwa Jumamosi, saa ile ile. Nikalala juu ya viti vya chuma siku tatu. Kuoga ni kunawa kwenye sinki, watu wananiangalia. Jumamosi asubuhi Bi Mosi alipata mhuri wa mwisho, kibarua akalileta begi kwa mlango wa nyuma likapimwa, nikapanda. Jumla ni saa sabini na tisa na dakika arobaini. Nilipotua Dar jua limeshazama, ninyi mmeshakula pilau, na Nasra ameshapita mlangoni kwa mkono wa Kondo.

Hayo ndiyo niliyomweleza kila mtu, na nilikusudia barua iishie hapo. Nimeiacha mezani tangu jana usiku. Nimeshika kalamu na kuiweka mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

Mwalimu Alois, wewe uliyefundisha hesabu miaka ishirini, huenda umeshaliona. Wengine rudieni saa zangu. Simu niliipiga saa saba na nusu. Ndege ilikuwa iondoke saa nane na ishirini. Nilipomwambia Stephano kwamba siwezi kupanda ndege, ndege yangu ilikuwa chini, mlango wazi, watu wanaingia.

Dada, ni begi lililohitaji viza. Mimi sikuihitaji.

Saa saba kamili Bi Mosi aliniita kaunta. Alisema ameshindwa habari ya begi kwa leo, lakini abiria asiye na begi hana haja ya kulivuka dawati. Tiketi ninayo, ndege iko mlango wa nne, dakika sita kwa miguu. Akanipa kadi ya kuingilia ndegeni imeshaandikwa, kiti 31C. Akasema nenda kaka, begi nitalihangaikia, likifuata limefuata, lisipofuata ni chuma. Nikamwuliza kama atanipa hati kwamba litafuata. Akasema hawezi kuapia kitu asichokishika; mengine hufika, mengine huuzwa mnada.

Nikaanza kumweleza kilichomo. Nozeli mia mbili na arobaini, pampu kumi na mbili, mashine kumi na moja huko kwetu zimesimama zinaningoja. Akanisikiliza. Kisha nikafanya kosa la kumtajia na harusi, nikimweleza jinsi mwali wetu anavyotoka. Akauliza, huyo mwali ana wajomba wangapi? Nikasema wa tumbo moja na mama yake ni mimi peke yangu. Akauliza, na mabegi una mangapi? Nikasema moja. Akasema haya, hesabu ni yako, mimi sikusoma hesabu. Tangu hapo alinisaidia kama mtu wa kazi, lakini chai hakuniletea tena.

Nilikwenda kwenye kioo. Begi limeegemea nguzo, kamba yangu ya katani naiona. Nikapiga mahesabu, unajua ninavyopiga. Nikasema harusi ina watu mia mbili, mmoja akipungua haitaanguka. Nikasema Kondo yupo, mkono ni mkono. Nikasema Nasra ataelewa, ndiye anayejua kusoma. Nikasema nitawaambia nimezuiwa, na hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa. Ndipo nikaenda kwenye simu. Saa nane na ishirini niliiona ndege ikirudi nyuma kutoka mlangoni, na nilichokiwaza, Mungu anisamehe, ni kwamba walau begi halijahamishwa.

Kwa hiyo wale wa sokoni Tawa, ambao nimewakasirikia siku hamsini na mbili, walisema kweli bila ushahidi. Na habari ya nozeli na unga, niliyoiandika huko juu kwa majigambo, isihesabiwe. Sikubaki kwa ajili ya unga wenu. Nilibaki kwa sababu begi nililipata kwa jasho langu, na nyinyi nilipewa bure.

Halidi alipokuwa anaondoka Alhamisi alisimama mlangoni akaniambia jambo ambalo hakutumwa. Alisema Kondo aliponyoosha mkono, Nasra aliuficha wake ndani ya kanga, akasema mjomba yuko njiani. Wakangoja, nyimbo za uani zikapanda. Kondo akanyoosha tena, akauficha tena, akasema mjomba hajawahi kuchelewa. Mara ya tatu ndipo akautoa, akilia. Dada, kwa hesabu ya Halidi ilikuwa karibu na saa kumi. Mimi wakati huo nimekaa ndegeni, mkanda kiunoni, nimeridhika kwamba begi limepakiwa.

Nimeikunja ile kadi humu ndani. Sikuitupa. Imekaa kwenye droo ya duka siku zote hizi. Ina jina langu, tarehe 25 Juni, na kiti 31C. Ipitishwe mkono kwa mkono kikaoni, mzee Dadi aione, Kondo aione. Nasra akija, msimweleze ninyi. Mpeni aisome mwenyewe.

Mkiamua kumweka Kondo, sitagomba. Ni mtu mzuri, na alifika. Lakini Jumapili nitakuja hata hivyo. Jumamosi sitafungua duka. Usinipikie, wala usinitandikie mkeka. Nitapanda kwa miguu toka barabarani, bila begi, na nitasimama nje ya nyumba ya mama, mbele ya kizingiti. Sitaingia mpaka mmoja wenu anishike mkono. Jua likizama hajatokea mtu, nitajua, nami nitashuka.

Nisalimie Kondo bila kinyongo. Mwambie Halidi boliti alizoondoka nazo mfukoni ni za milimita nane, hazitafaa kwenye baiskeli yake, azirudishe nimbadilishie. Mzee Dadi mwamkie. Mwalimu Alois, ahsante kwa sauti yako. Goti lisugue kwa mafuta ya moto kabla ya kulala, sio baada ya kuamka kama unavyofanya.

Mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,

Mwinjuma