Uko Upande Gani, Bibi?

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama, shikamoo yako imefika hapa Kinampanda. Mtama umeiva, ndege wanatutoa jasho. Mama yako mzima, ila anauliza kama unakula.

Umeniuliza niko upande gani, maana wazee wa kanisa wanataka kumtenga kaka yako Elia kwa kupiga gitaa la umeme ibadani. Siku hizi kila kitu kinauzwa mjini, naye akalinunua. Tangu nisome barua yako sijatulia.

Nilipokuwa msichana nilipiga ngoma kwenye harusi ya dada yangu. Wakati ule ngoma ilikuwa dhambi. Nikatengwa, nikakalishwa benchi la nyuma, na wenzangu wakienda kwenye meza ya Bwana mimi natolewa nje. Siku ya kurudishwa kundini nikaulizwa, "Unajuta?" Nikasema ndiyo. Sikuwa najuta, Neema. Nilitaka tu kurudi.

Leo ngoma inapigwa kanisani humo humo, na mimi ni mzee wa kanisa. Basi kikaoni walipouliza nani anataka Elia atengwe, mkono wangu ukapanda! Jirani akanibonyeza, "Bibi Elia, huyu si mjukuu wako?" Nikamjibu, "Nyamaza wewe, utaratibu ni utaratibu."

Ndipo barua yako ikanikumbusha lile benchi la nyuma. Jumapili wataulizwa washarika wote. Nitasimama niseme kwamba siku ile ya kurudishwa kundini nilidanganya madhabahuni, na Elia tusimfundishe kudanganya. Niombee, na ule vizuri.

Bibi yako