Samli ya Mama

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, ziwa halionekani. Zamani siku kama ya leo ningeiita siku yangu. Ningevua kitambaa kichwani na kugeuza kahawa kwenye mikeka kutwa nzima bila wasiwasi.

Kumbe nilikuwa najichoma mwenyewe.

Leo nimetoka hapa Nyanga kwa miguu mpaka hospitali mjini, kumwona daktari wa ngozi, Mzungu mzee anayepita Bukoba mara mojamoja. Kidonda cha sikio langu hakijapona tangu mavuno yaliyopita. Tulisubiri chini ya picha ya Malkia wa Uingereza. Benchi lilijaa, ila kila upande wangu ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Mimi ni zeruzeru, kama watu wanavyotuita, na mpaka leo wapo wanaodhani weupe huu unaambukiza. Kila anayeniuliza humjibu kwamba nimezoea.

Sijazoea.

Daktari hakujitenga. Alilishika sikio langu kwa vidole vyake, akauliza huwa najipaka nini. Nikajibu kwa majivuno: samli. Mama alinipaka kila asubuhi tangu nikiwa mchanga, samli ya ng'ombe wetu, mpaka nang'aa, ndipo anitoe nje uani. "Mwana wange, sasa jua halikupati," alikuwa akisema. Kwetu bibi harusi hupakwa samli, na mtoto hupakwa. Nani angeitilia shaka? Tangu Mama afariki najipaka mwenyewe. Ni saa hiyo tu ya siku ninapoguswa na mkono, ingawa mkono wenyewe ni wangu.

Mzee akatikisa kichwa. "Samli inalainisha ngozi, binti. Paka jioni. Kuzuia jua, haiwezi hata kidogo."

Kisha akanieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha kunyooka. Nivae mikono mirefu, kitambaa kizito cha rangi iliyokolea. Kofia iwe pana, kivuli chake kifunike masikio na shingo. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi nikae ndani au chini ya migomba. Kahawa itageuzwa asubuhi na jioni, haitakufa. Mawingu yasinidanganye, kwa kuwa jua huyapenya. Akanipa kikopo cha dawa nyeupe ya zinki, ya pua, midomo na masikio. Na kidonda kisichopona kwa mwezi kisifichwe. Changu atakitazama tena Ijumaa ijayo, na hakuniambia kitakuwaje.

Njiani nililia. Sikulilia sikio.

Nina mdogo wangu, Koku, ameolewa Muleba. Siku ya harusi yake aliniomba nikae jikoni mpaka wakwe waondoke, wasije wakaogopa watoto watakaozaliwa. Nilikaa. Nilimenya ndizi nikiwasikia wakiimba, na vigelegele vyote nikavisikia kupitia ukutani. Tangu hapo hakuniandikia hata mstari, mpaka wiki tatu zilizopita.

"Dada," aliandika, "nimejifungua mtoto wa kike. Ni kama wewe. Mama mkwe hasemi nami. Nampaka samli kama Mama alivyokupaka. Nafanya sawa? Nijibu upesi."

Sikujibu.

Nilifurahi. Hilo ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Nilifurahi, nikaisukuma barua chini ya godoro, nikasema naye aonje. Nikawa nalala juu yake kila siku, na usingizi ukanijia vizuri tu.

Wiki tatu. Mtoto wa Koku amekuwa akipakwa samli asubuhi, akitolewa uani, na mama yake ameridhika kwamba amemkinga. Mama naye alikuwa akiridhika hivyohivyo. Alinipenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipenda, na jua lilikuwa likinila mikononi mwake. Namwonea uchungu. Afadhali hakuwahi kukutana na daktari huyu.

Mimi nimekutana naye, kwa hiyo sina pa kujificha.

Nimeanza barua mara mbili, nikaichana. Hata nikiandika leo, itafika lini? Na nani atamsomea mama mkwe, aamini kwamba mtoto yule hana laana, anahitaji kivuli tu? Alhamisi kuna basi la kwenda Muleba. Nitalipanda alfajiri, mikono mirefu, dawa puani. Nitaketi sebuleni kwao mbele ya wote, na wakwe watajua siku ile ya harusi walifichwa nini. Koku huenda akanichukia. Naogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini, na jikoni kwao sitakaa.

Kikopo cha zinki nitamwachia Koku. Mimi nitaomba kingine Ijumaa.

Sasa ni jioni. Nimejipaka samli saa aliyosema daktari, na imenukia kama Mama. Nimetoa ukindu uliobaki niliposuka mkeka, nikasuka kofia ndogo yenye ukingo mpana. Nilipofika katikati nilishindwa kuendelea. Sijui kichwa chake kina ukubwa gani. Ni mtoto wa ndugu yangu pekee, nami sijui hata jina lake.

Nimeisuka kubwa kidogo. Atakua.