Mkwe Wangu na Mimi Ndani ya Ndege Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana tangu tiketi zifike sili nikashiba. Mimi ni mke wa Kefa, nakaa Ibaba kwa wakwe zangu, na Kefa yuko Ndola, Rodesia, mgodini, jiwe limemwangukia mguu na daktari anataka kuukata kabla kidonda hakijapanda, lakini Kefa amekataa katakata mpaka baba yake na mimi tufike, na daktari amesema atangoja mwisho wa mwezi tu. Wenzake wa mgodini, Mungu awabariki, wamechangishana wakatukatia tiketi mbili za ndege kutoka Mbeya, na karani wa pale anasema kwa ndege ni maili mia nne na ushee, saa mbili hivi umeshuka Ndola, wakati lori linapita Tunduma, linazunguka Mpika mpaka Kapiri, na kwa mvua hizi linaweza kulala topeni wiki nzima. Nimestaajabu, saa mbili ndiyo naivisha maharage! Lakini kwetu Wandali mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hakai naye chumba kimoja, na mzee huyu tangu niolewe hajanitia aibu hata siku moja, akikaribia kona hukohoa nipate kuingia migombani, sasa ndani ya ndege nitaingia wapi? Naye amemwambia mama mkwe, "Mwambie mwanetu apande yeye. Mimi nitakwenda kwa miguu, njia ya Rodesia naijua tangu ujana." Goti lake bovu, mshauri, kufika kanisani tu ni taabu! Nimefikiri nijifanye mgonjwa ili apande yeye, je, nitakuwa nimekosa?

Enesi, Ibaba

Enesi, mwanangu,

Utakuwa umekosa, tena sana. Kefa ameita watu wawili, wewe unataka kumpelekea mmoja na uongo juu yake. Wazo hilo lifute leo.

Lakini acha niseme ukweli, nimewapenda. Kila wiki nasoma barua za wakwe wanaotukanana, leo nakuta wawili wanaogombania kuachiana kiti! Hata jina la mzee hukuliandika. Heshima kama hiyo haiwezi kuvunjwa na safari ya saa mbili.

Nikuulize: Jumapili hamsali chini ya paa moja, wanaume upande wao, wanawake upande wenu? Basi ifanyeni ndege hiyo kanisa. Ndege hizo mlango wake uko nyuma. Mzee apande wa kwanza, akae mbele kabisa. Wewe panda wa mwisho, umejitanda khanga, ukae karibu na mlango. Utaona kisogo chake tu. Mkifika Ndola wewe wa nyuma ndiye wa kwanza kushuka, kwa hiyo shuka upesi usogee pembeni. Mama mkwe wako ampelekee mzee maneno haya leo, kabla hajaanza kutafuta fimbo ya safari.

Huko hospitalini ingieni kwa zamu, atangulie mke. Kisha mzee akifika mlangoni akohoe, kama anavyofanya Ibaba. Wewe utapata nafasi ya kutoka, na Kefa pale kitandani, kabla hajamwona mtu mlangoni, atajua baba yake amekuja.

Bibi Anastazia